Kabla ya kununua feni ya upepo, nunua breki yake



Hivi karibuni niliitwa na mzee mmoja anayelima iliki na pilipili manga upande wa juu, kwenye mgongo wa mlima ule unaopokea upepo wa kutoka baharini. Nilidhani ananiita kwa ajili ya iliki. Nilipofika, nikamwamkia, akaitikia, kisha akanipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba.

"Bwana shamba, tazama hii betri. Imevimba kama ng'ombe aliyekula majani mabichi."

Kweli ilikuwa imevimba pande zote mbili. Maji ndani yamekauka, na harufu yake ni ya mayai yaliyooza. Juu ya nyumba feni ya upepo ilikuwa inazunguka kwa furaha. Waya mbili zimeshuka kutoka kwenye mlingoti, zimepita kwenye daiodi, zikaingia kwenye betri. Hakuna fyuzi, hakuna kontrola, hakuna swichi. Fundi aliyefunga alimwambia mzee kwamba upepo hauna bili.

Nikamuuliza, "Mzee, betri ikishajaa, umeme unaoendelea kuja unakwenda wapi?"

Akafikiri kidogo. "Si unakaa humo humo?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo makala yote ya leo. Mimi si mhandisi wa umeme. Nina stashahada ya kilimo na nimejifunza mengine kwa kuunguza vitu, kama nitakavyoeleza. Lakini nina maoni, na nayasema wazi: kama fedha yako inatosha kununua feni peke yake, usiinunue bado. Weka akiba mpaka utoshe kununua na vitu vitatu vinavyoilinda, yaani fyuzi, mahali pa kumwagia umeme wa ziada, na breki. Na wewe mfanyabiashara unayeuza feni bila vitu hivyo, unamuuzia jirani yako gari lisilo na breki na kumwambia mlima ni wake.

Upepo si kama sola

Wengi wetu tumejifunza umeme wa nyumbani kwa sola. Paneli ni mnyama mpole. Betri ikijaa, kontrola inakata waya, na paneli inakaa tu juani bila kudhuru kitu. Ukiikata mchana saa sita, hailalamiki.

Feni ya upepo ni tofauti. Betri inapopokea umeme, inaishikilia feni isikimbie, kama vile jembe la plau linavyomshikilia ng'ombe. Ukiikata feni ghafla kwenye betri wakati upepo unavuma, umekata kamba ya jembe. Feni inakimbia bure, mapanga yanapiga kelele, na volti zinapanda. Mtambo unaoitwa wa volti 12 unaweza kutoa volti mara kadhaa ya hizo ukiwa hauna mzigo. Kwa hiyo kontrola ya sola, ambayo kazi yake ni kukata, haifai kufungwa kwenye feni ya upepo. Inafanya lile hasa lisilotakiwa.

Jambo la pili ni nguvu yenyewe. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu iliyomo haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nane. Ndiyo maana feni iliyokaa miezi mitatu ikitoa chaji ya kuwasha taa mbili inaweza, kwa usiku mmoja wa kusi, kutoa umeme wa kuchemsha betri. Mtu anaizoea kwa upole wake wa kila siku, halafu anashangaa siku ambayo si ya kila siku.

Wenzetu wa Lushoto na Upare wanaolima kwa ndiva wanalijua hili bila kusoma. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya kumwagilia. Ukijenga ndiva bila njia ya kupitishia maji yanayozidi, siku ya mvua kubwa maji yatajitafutia njia yenyewe, na njia hiyo ni kubomoa tuta. Betri ni ndiva. Feni ni mto usio na lango. Usipoupa umeme wa ziada njia ya kutokea, utajitafutia njia yenyewe.

Nilivyounguza kontrola yangu

Nawaambia haya kwa sababu nilifanya kosa hilo mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilipata feni ndogo iliyotumika, imeandikwa wati 400. Nilikuwa na kontrola ya sola ndani, nikasema kontrola ni kontrola. Betri yangu, ya maji, ya ampea-saa 100, ilikaa kwenye chumba cha stoo. Mtoto wetu mdogo alikuwa analala chumba hicho hicho kwa sababu ndicho chenye joto.

Mwezi wa saba, usiku, upepo ukaamka. Kufikia saa nane betri ilikuwa imejaa, kontrola ikakata kama ilivyofundishwa. Niliamshwa na mlio wa feni juu ya bati, kama bodaboda inayopanda kilima kwa gia namba moja. Kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kontrola ilikuwa imeungua, na kwa ndani ilikuwa imeshikana, kwa hiyo umeme wote ukawa unaingia kwenye betri iliyojaa bila kizuizi. Betri ilikuwa inatokota, unasikia kabisa.

Nikamtoa mtoto kwanza. Hilo nashukuru. Halafu nikafanya la kipumbavu: nikachukua spana nikafungua waya kwenye kichwa cha betri. Cheche ikaruka, na betri ikalipuka upande mmoja. Vifuniko viwili vilipiga dari. Asidi ilinipata mkononi na kwenye shati. Shati lilikuwa na matundu kabla ya asubuhi. Kovu mkononi ninalo mpaka leo, na kila ninaposhika kalamu kujaza ripoti ya mwezi naliona.

Kilicholipuka hakikuwa asidi. Betri ya maji ikijaa na ukaendelea kuilazimisha, umeme unayagawanya maji yaliyomo kuwa gesi mbili, oksijeni na hidrojeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kujikusanya chini ya dari na ndani ya boksi la betri. Ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, cheche ndogo inatosha. Cheche yangu niliitengeneza mwenyewe kwa spana.

Kijana wa Malawi na misumari yake

Kila ninapoongelea breki na fyuzi, kuna mtu ananiambia, "Bwana shamba, unatuogopesha. Yule kijana wa Malawi alitengeneza ya kwake kwa vyuma chakavu."

Ni kweli. William Kamkwamba aliacha sekondari akiwa na miaka 14 wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, kwa sababu nyumbani hakukuwa na ada. Akasoma vitabu vya maktaba ya kijijini, akatengeneza mtambo wa upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na dainamo ya baiskeli. Mwaka 2007 alikuja hapa kwetu Tanzania, akasimama mbele ya mkutano wa TED pale Arusha na kusimulia kazi yake.

Watu wanakumbuka baiskeli na feni ya trekta. Wanasahau kipande kingine cha habari ile: alitengeneza pia kikata umeme cha mkono wake, kwa misumari, waya na sumaku, ili waya zikigusana umeme ujikate kabla nyumba haijaungua. Mtoto asiye na ada, asiye na fundi, aliona kwamba kazi haijaisha mpaka umeme uwe na njia ya kukatika. Kwa hiyo umaskini si sababu. Aliyekuwa maskini kuliko sisi alifikiria usalama.

Hata wakubwa wanafanya hivyo. Kule Kenya, shamba la upepo la Ziwa Turkana lina mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo mikubwa ya namna ile ina mapanga yanayojigeuza kuuachia upepo, na ina breki. Kama wahandisi wenye kompyuta hawauamini upepo, mimi na wewe tutauamini kwa nini?

Vitu vitatu, na jinsi vinavyofanya kazi

Sasa tuingie kwenye kazi. Nachukua mfano wa feni ya wati 400 na betri za volti 12, kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Kwanza, mahali pa kumwagia umeme. Hapa inatakiwa kontrola ya upepo, ambayo haikati. Inapima volti za betri, na zikifika kikomo inafungua njia ya pili na kuupeleka umeme wa ziada kwenye kitu cha kuula, mara nyingi waya mzito wa kutoa joto au hita ya maji ya volti 12. Feni inaendelea kubeba mzigo, betri inapumzika. Hesabu yake ni rahisi: wati 400 gawanya kwa volti 14.4, unapata karibu ampea 28. Mzigo wa kumwagia lazima uweze kula zaidi ya hapo, kwa sababu upepo wa ghafla hausomi maandishi yaliyobandikwa kwenye feni. Mimi ningeweka wa wati 600. Nimeona mtu anatumia taa za gari za wati 55. Zinafaa kwa kuona kazi inavyofanyika, ila taa inaungua, na ikiungua umebaki bila mfereji. Waya wa joto ni bora. Ufunge kwenye ukuta wa tofali au juu ya bati, si kwenye ubao, na mbali na watoto, maana unakuwa moto kama jiko.

Pili, fyuzi. Iwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja. Betri ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea kwa mara moja, inayeyusha spana na kuwasha moto kwenye ganda la waya. Kila waya chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake: wa feni, wa inveta, wa taa. Fyuzi ya feni iwe kubwa kidogo kuliko ampea za juu za feni, kwa mfano huu ampea 40, ili isikatike ovyo na kuiacha feni bila mzigo. Na waya uweze kubeba kuliko fyuzi. Usifunge kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi iliyokatika imekuletea taarifa. Itafute sababu kwanza.

Tatu, breki. Feni nyingi ndogo zina sumaku za kudumu na waya tatu zinazotoka kwenye jenereta kabla ya daiodi. Swichi nzito inayoziunganisha hizo waya tatu pamoja inaifanya feni ijizuie yenyewe, inazunguka polepole sana. Hiyo ndiyo breki. Swichi hiyo iwe chini, mahali unapoifikia ukiwa umesimama, si juu ya mlingoti. Ifunge upepo ukiwa mdogo, kabla dhoruba haijafika. Ukiifunga feni ikiwa imeshakimbia sana, joto linaweza kuunguza nyaya za ndani ya jenereta. Feni nyingine zina mkia unaoigeuza kuukwepa upepo mkali. Mkia unasaidia, lakini hauijazi nafasi ya breki.

Neno la waya pia. Waya wa 2.5 wa taa za nyumba ukiuvuta mita 20 kutoka kwenye feni kwenda kwenye betri, njia mbili, ukapitisha ampea 28, unapoteza karibu volti 8 njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 huo si umeme tena, ni kupasha waya moto. Nunua waya mnene, au sogeza betri karibu na mlingoti.

Betri yenyewe inataka nini

Betri ya maji inapenda chaji ya asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wake. Betri ya ampea-saa 100 ipewe ampea 10 hadi 20. Ndiyo maana feni ya wati 400, inayoweza kutoa ampea 28, nasema isifungwe kwenye betri moja ya 100. Weka 200. Na ukiunganisha mbili, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Mpya ukiifunga na ya zamani, ya zamani inaivuta mpya chini.

Nunua mita ndogo ya kupimia. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko betri yoyote. Betri iliyopumzika saa chache ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu, na hapo anza kubana matumizi. Chini ya 11.8 unaiua. Inapochajiwa, betri ya maji isivuke 14.4 kwa siku za kawaida. Ikishajaa na kukaa bila kazi, karibu 13.5 inatosha.

Maji uyaangalie kila mwezi, na upepo ukiwa mwingi kila wiki mbili. Ongeza baada ya kuchaji, si kabla, ili yasimwagike yakitanuka. Yafunike tu zile bamba za ndani na kupita kidogo. Hapa kuna hatari ya maneno: dukani tunasema "maji ya betri" kwa chupa mbili tofauti. Moja ni maji safi yasiyo na chumvi, nyingine ni asidi. Betri inayotumika huongezewa maji safi tu. Soma chupa, na kama huwezi kusoma mwambie muuzaji akusomee mbele ya mtu mwingine. Maji ya mto wetu ni matamu kwa kunywa, lakini yana madini yanayoiharibu betri.

Betri ikae nje ya chumba cha kulala, kwenye kibanda au boksi lenye matundu juu na chini. Matundu ya juu ndiyo muhimu, kwa sababu hidrojeni inapanda. Usiweke kontrola, swichi wala inveta ndani ya boksi hilo, maana ndizo zenye cheche. Hakuna kibatari, sigara wala jiko karibu. Karibu na betri weka ndoo ya maji safi na magadi kidogo. Asidi ikikugusa ngozi, mwagia maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kupunguza, kisha nenda zahanati. Magadi ni ya kumwagia sakafuni, si ya jichoni.

Ukitaka kuifungua betri, fuata mpangilio huu, na uuandike ukutani: funga breki ya feni kwanza. Hakikisha imesimama. Zima matumizi yote. Subiri gesi itoke, robo saa hivi, mlango ukiwa wazi. Vua pete na saa. Fungua waya hasi kwanza, halafu chanya. Kurudisha ni kinyume: chanya, kisha hasi, na breki inafunguliwa mwisho kabisa. Kama ningekuwa na mpangilio huu ukutani usiku ule, nisingekuwa na kovu.

Wapo sasa wanaoleta betri za lithiamu, wakisema hazina maji wala gesi hivyo hazina shida. Ni betri nzuri. Lakini zina ubongo wa ndani unaojikata zikijaa. Na kujikata ndiko tulikosema kunaiachia feni kamba. Kwa hiyo mwenye lithiamu anahitaji mzigo wa kumwagia zaidi kuliko mwenye betri ya maji, na uwekwe ufanye kazi kabla betri haijafikia kujikata.

Kwa wafanyabiashara

Najua mtaniambia mteja hana fedha. Mkimwambia kontrola, fyuzi na swichi, anakwenda duka la pili. Naelewa, hata mbegu bora mnaniambia hivyo hivyo. Lakini hesabu hii mfanyieni mteja: betri ya maji iliyotunzwa inampa miaka. Iliyochemshwa na upepo inaweza kufa msimu mmoja. Atarudi kununua nyingine, ndiyo, lakini mara ya pili atarudi na maneno, na mara ya tatu harudi. Rahisi ni ghali, na ghali hiyo huwa inalipwa na mteja kwanza na muuzaji baadaye.

Ninyi mnaochaji simu na betri za watu kwa malipo mna dhamana kubwa zaidi, kwa sababu mnachaji mali ambayo si yenu, ndani ya chumba wanachoingia watoto wa shule. Msipange betri za wateja ndani ya duka lililofungwa usiku. Msibane betri kwa koleo zilizolegea wakati feni inazunguka, maana kila inapoteleza ni cheche. Betri ya mteja iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja, irudisheni bila kuichaji. Kupoteza malipo ya siku moja ni afadhali.

Betri iliyokufa nayo ina mambo yake. Msiimwage asidi kwenye shamba la chai wala kwenye kijito, na msiruhusu vijana kuivunja ili kuyeyusha risasi iliyomo. Pale Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hazirudishi akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi. Irudisheni betri nzima kwa anayenunua chakavu kihalali.

Kwa sisi maafisa ugani

Wapo wenzangu watakaouliza kwa nini bwana shamba anaandika mambo ya umeme. Jibu langu ni kwamba mkulima wangu anakausha iliki, anapima bei kwa simu usiku, anamulikia kuku wake taa, na vyote hivyo vinakaa juu ya betri. Betri imekuwa pembejeo kama bomba la kunyunyizia dawa. Tulikwenda kijiji kwa kijiji kufundisha watu wasipulizie dawa kinyume na upepo na wasitumie chupa za dawa kwa maji ya kunywa. Hatukusema hiyo ni kazi ya wizara nyingine. Asidi na hidrojeni zinaingia nyumba zile zile.

Naomba kwenye mikutano ya kijiji tutenge nusu saa. Tulete betri moja, mita moja na fyuzi moja mezani. Hatuhitaji mradi wa mfadhili kwa hilo.

Na tuwe wakweli kuhusu upepo wetu. Huku Bulwa mabonde na misitu inaukata upepo. Feni iliyofungwa chini ya miti inapata mawimbi ya upepo yanayoitikisa bila kuizungusha vizuri. Ni wale wa migongo ya juu tu wanaofaidi. Mlingoti ulio juu huko unavuta radi pia, kwa hiyo uchimbieni waya wa ardhini. Kama uko bondeni, au nguzo za umeme zinakukaribia, weka fedha yako kwenye paneli au subiri.

Mzee wa iliki tulifunga breki ya feni yake kwa waya tatu zilizosokotwa pamoja, siku ile ile, upepo ulipotulia. Betri aliyokuwa nayo ilikuwa imeshakufa. Aliniuliza kama anunue nyingine kabla ya mavuno. Nikamwambia anunue kontrola na fyuzi kwanza, betri baadaye. Alicheka, akasema ninamfundisha kununua kamba kabla ya mbuzi.

Nikamjibu, mzee, mbuzi huyu usipokuwa na kamba, hakimbilii porini. Anakimbilia chumbani kwa wajukuu.

Kwa leo naishia hapo. Mwenye feni nyumbani, kabla ya kulala leo, nenda ukajibu swali moja: betri yangu ikijaa usiku huu, umeme utakwenda wapi? Kama huna jibu, funga breki. Kama huna breki, anza na hiyo.